TAHADHARI: Kompyuta ilikataa kuwaka, nikauziwa mazabodi nisiyoihitaji

Ndugu zangu, kama kompyuta yako ya mezani imegoma kuwaka na unataka kuipeleka kwa fundi, soma kwanza yaliyonikuta.

Yangu iligoma ghafla. Nabonyeza kitufe, kimya. Taa haiwaki, feni haizunguki. Nikaipeleka kwa fundi ambaye pia anauza vipuri. Hakuifungua mbele yangu, alisema niiache. Jioni akapiga simu: mazabodi (ile bodi kuu inayounganisha vipuri vyote) imeungua, na iliyoiunguza ni pawa saplai (boksi linaloipa kompyuta umeme), kwa hiyo vyote viwili vibadilishwe. Nilikuwa na kazi za watu mle ndani, nikakubali na kulipa. Wakati wa kuichukua akaniambia kitufe kikubwa kimelegea kidogo, niwe nawashia kile kidogo cha kuanzisha upya. Nikaona ni jambo dogo.

Siku ya nne ikazima na harufu ya kuungua.

Nilipofungua kifuniko nilikaa chini. Waya wa kitufe kikubwa ulikuwa umechomolewa unaning'inia, na mahali pake kwenye mazabodi umechomekwa waya wa kile kidogo. Nikakipima kitufe kikubwa kwa multimita, kile kifaa cha kupimia umeme: ukikibonyeza, hakigusanishi kitu. Yaani ugonjwa wote ulikuwa kitufe, na fundi alilijua hilo, maana alilitibu! Pawa saplai ya zamani, ambayo kwa bahati niliomba nirudishiwe, nimeipima na ni nzima. Mazabodi yangu yeye anasema ameitupa. Hiyo "mpya" aliyonifungia ina vumbi lililoganda kwenye kona za soketi na mikwaruzo ya bisibisi kwenye matundu ya skrubu. Ramu (vibao vya kumbukumbu) zilikuwa mbili, nimekuta moja. Nimemrudia, jibu lake ni kwamba vitu vya umeme havina garantii. Risiti hakunipa, na mimi sikudai.

Pawa saplai aliyoniuzia nayo itazameni vizuri, kwa sababu za namna hii zimejaa. Imeandikwa wati 500 kwa herufi kubwa, lakini ukiishika ni nyepesi kama boksi tupu. Soma jedwali dogo la pembeni: kwenye mstari wa volti 12 imeandikwa ampea 16. Zidisha, unapata wati 192. Prosesa na kadi ya picha hula hasa kwenye huo mstari, kwa hiyo hizo 500 ni za kwenye karatasi tu.

Kabla hujambebea mtu kompyuta yako, jaribu haya. Chomeka kitu kingine kwenye soketi ile ile ya ukutani, badilisha waya wa umeme, na uangalie swichi ya nyuma ya pawa saplai, maana huwa inagongwa kwa bahati mbaya. Kisha chomoa waya za kitufe kwenye mazabodi, na kwa ncha ya bisibisi gusanisha kwa sekunde moja vipini viwili vilivyoandikwa PWR_SW. Ikiwaka, mbovu ni kitufe. Mimi ningefanya hilo tu, nisingelipa hata senti.

Isipowaka, pima pawa saplai yenyewe. Zima umeme, chomoa plagi zake zote ndani ya kompyuta, unganisha waya wa kijani na mweusi kwenye plagi kubwa ya vipini 24, ndipo urudishe umeme. Feni ikizunguka ni dalili njema, ingawa haitoshi: ukiupima kwa multimita, waya wa njano usome kati ya volti 11.4 na 12.6. Kama nyaya zako zote ni nyeusi, acha jaribio hili. Na boksi la pawa saplai usilifungue kamwe, hata likiwa limechomolewa; ndani kuna kapasita zinazobaki na umeme wa kuua.

Ukilazimika kwenda kwa fundi, piga picha mazabodi, ramu na diski, namba zao zisomeke. Kompyuta ifunguliwe ukiwepo. Kipuri cha zamani udai.

Nawe ambaye kompyuta yako ipo kwa fundi sasa hivi, umeambiwa mazabodi imekufa na hujalipa bado, kaichukue leo, na kabla hujatoka mlangoni fungua kifuniko uhesabu ramu.