Usiku wa opera na ilimba Dodoma: fundi mitambo ameniudhi kupita kiasi

Majuma machache yaliyopita nilihudhuria onyesho katika ukumbi mmoja hapa Dodoma, lililowakutanisha waimbaji wa opera kutoka Ulaya na vijana wetu wanaochipukia katika muziki wa Kigogo. Wazo lenyewe nalisifu. Mwanamama kutoka Italia aliimba kipande cha Verdi, mtunzi wa opera wa kwao, bila kipaza sauti, kama ilivyo desturi ya opera, na sauti yake ikatufikia kamili hata sisi tuliokaa viti vya nyuma.

Kisha akaingia kijana wa Chamwino na ilimba yake. Ilimba, kwa asiyeijua, ni ala ya Wagogo, kisanduku cha mbao chenye vyuma vinavyobonyezwa kwa vidole; ina matundu yaliyozibwa kwa utando wa buibui, nao hutetemeka kila vyuma vinapobonyezwa, ukatoa uvumi mwembamba unaosindikiza wimbo. Uvumi huo umetiwa makusudi. Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo na mzaliwa wa Doduma mkoani humu aliyefariki mwaka 2003, aliupeleka hadi kwenye majukwaa ya Ulaya. Fundi mitambo wa ukumbi ule alidhani ni hitilafu. Akapunguza sauti, akapunguza tena, mwishowe akazima kabisa, na kijana wa watu akabaki anabonyeza vyuma huku akitazama upande wa mitambo, watu wakiwa wameshaanza kupiga soga.

Nilinyanyuka nikamfuata. "Mwanangu, huo uvumi ndio ilimba yenyewe, mrudishie sauti." Hakuniangalia hata usoni. "Mzee, nenda kakae. Kelele hizo zitaniunguzia spika."

Kelele! Hili amelisema mtu anayelipwa kusikiliza, tena katika mji wa Wagogo. Mshereheshaji naye, badala ya kuuliza kulikoni, akamshukuru kijana kabla wimbo haujafika nusu, akamwita mpiga piano mgeni ambaye vipaza sauti vyake vilikuwa vimejaribiwa tangu alasiri. Iwapo ukumbi uliweza kunyamazishwa kwa ajili ya opera, ilishindikanaje kunyamazishwa kwa ajili ya ilimba, nayo ikapigwa bila mitambo?

Nilikusudia kuwahimiza mwende, kwa kuwa uimbaji ulikuwa wa hali ya juu na kiingilio hakiumizi. Kadiri ninavyoandika, nafsi inakataa. Pengine wanaopenda opera peke yake wataridhika, na siwazuii. Mimi fedha yangu hawaipati tena mpaka uongozi umwite kijana yule, umwombe radhi, na umpe nafasi ya kuumaliza wimbo wake akiwa na fundi aliyewahi kuisikia ilimba.