Dawa ya kutu: uliza kwanza kama ina silikoni

Meza ya mteja ndiyo iliyonifumbua macho. Nilikuwa napaka vanishi mkono wa mwisho, mara ikaanza kujitenga na kuacha vishimo vya mviringo, kama uso uliopona ndui. Nikapiga msasa, nikapaka upya, vikarudi palepale. Siku mbili baadaye ndipo nilipokumbuka: wiki ile nilikuwa nimepulizia randa dawa mpya ya kutu, na randa hiyo ndiyo iliyopita juu ya ubao ule. Nikageuza kopo. Silikoni, kilainishi kinachofanya vanishi isishike, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa.

Kwa hiyo hapa sitapima dawa ipi inadumu zaidi. Nyingi zinazuia kutu ukizipaka inavyotakiwa. Mimi nauliza inaacha nini kwenye mbao.

Ya kwanza kwangu, na upendeleo sifichi, ni Boeshield T-9. Ilibuniwa Boeing kwa ajili ya vipuri vya ndege, na msingi wake ni nta ya parafini. Ukipuliza, kiyeyusho kinapaa, nta inabaki. Haina silikoni. Iache ilale usiku mzima. Asubuhi ukipitisha kidole utahisi utando mkavu unaokamata kidogo, wala kidole hakilowi. Kwenye meza ya chuma ya msumeno wa mashine, sugua kwa kitambaa mpaka ubao uteleze wenyewe. Harufu yake kali, fungua madirisha.

Ya pili ni nta ya samani, ile ya kopo. Si ya magari! Nyingi za magari zina silikoni, na tunarudi kwenye vishimo vyangu. Inachosha mkono, lakini kwa randa na meza ni salama.

Ya tatu, mafuta ya kamelia, ambayo mafundi wa Japani hupaka patasi na visu vyao. Tone moja kwenye kitambaa linatosha patasi kadhaa. Ila ukishika chuma kwa mkono wenye jasho, paka tena. Chumvi ya jasho haina subira.

Fluid Film, inayotokana na mafuta ya sufu ya kondoo, inalinda vizuri sana lakini inabaki inanata, na unga wa mbao unaipenda. Ni ya vifaa vinavyolala stoo miezi. WD-40 ifanye kazi ya jina lake (WD ni "water displacement"), kuondoa maji: puliza, futa, kisha paka kitu kingine, maana utando wake ni mwepesi.

Za bei nafuu: mafuta ya cherehani yanafaa. Ya kupikia yanageuka gundi. Basi.

Sasa wauzaji. Niliyemuuliza kuhusu silikoni alinijibu "zote ni moja, dada," akaendelea na simu yake. Ni haohao wanaokuuzia vifuko vya silika jeli uweke kwenye rafu ya wazi, vikaushe hewa ya dunia nzima! Bila sanduku linalofunga vizuri, vifuko hivyo vinashiba unyevu upesi, na mpaka uvikaushe kwenye oveni havina kazi.

Randa yangu nimeifuta kwa thina mara nne. Bado siiamini. Siku hizi inapiga mbao za nyuma ya kabati tu, zisizopakwa vanishi.