Kuwinda fezanti South Dakota, Marekani: klabu ya uwindaji au ardhi ya umma?

Fezanti ni ndege wa jamii ya kwale mwenye mkia mrefu. Kwa gharama, ardhi ya umma inashinda: unalipia leseni basi, ilhali klabuni kuna ada juu yake.

Ila klabu huachilia ndege wa kufugwa, hivyo watoto hawatembei bure kwenye theluji. Msimu wa klabu hufika Machi. Msimu wa ndege wa porini, wale wa ardhi ya umma, hufungwa Januari 31, na kikomo ni majogoo (fezanti dume) 3 kwa siku kwa kila mwindaji.

Mimi napenda porini. Mbwa ananusa ndege na kusimama kimya, mguu mmoja juu, mara jogoo anafyatuka kwenye matete akipiga kelele. Lakini ukiongozana na babu mwenye magoti mabovu, lipa ada ya klabu. Vijana wenye pumzi na mbwa mzuri waende porini.