Kikokotoo cha nafasi ya kudahiliwa vyuo vya Marekani: uzoefu wangu

Mdogo wangu anaomba kujiunga na vyuo vikuu vya Marekani, na mimi ndiye ninayemsaidia kupanga orodha ya vyuo. Tulilipia tovuti moja inayokadiria nafasi ya mwanafunzi kudahiliwa. Unajaza matokeo ya shule, alama za SAT (mtihani unaotumika katika maombi ya vyuo vya Marekani) na shughuli za nje ya darasa, kisha kila chuo kinakuja na asilimia yake na rangi yake: kijani, njano au nyekundu.

Kuitumia ni rahisi, tarehe za mwisho za maombi zote ziko mahali pamoja, na ilitupendekezea vyuo vizuri ambavyo hatukuwahi kuvisikia. Hilo nawapongeza.

Shida iko kwenye ile asilimia. Kwa chuo kimoja kinachochukua chini ya waombaji 5 kati ya kila 100, tovuti ilimpa mdogo wangu asilimia 31. Nikaona nikijaribu kikokotoo chenyewe. Nikaweka alama kwenye kisanduku cha kuomba msaada wa kifedha, namba haikusogea. Nikabadilisha uraia, nikamfanya Mmarekani, bado 31. Nikaandikia huduma kwa wateja, wakanijibu kwamba makadirio yanatokana na taarifa za watumiaji wenyewe. Sasa fikiria, nani hurudi kwenye tovuti kuandika matokeo yake? Aghalabu ni yule aliyepata.

Kwa mwanafunzi wa nje asiye na uwezo wa kulipa, kile kisanduku ndicho chenye uzito kuliko vyote. Vyuo vingi vya Marekani, vikifika kwa mwombaji wa kigeni, huangalia uwezo wake wa kulipa kabla ya kuamua. Visivyofanya hivyo ni vichache sana: Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin ni miongoni mwao. Kwa hiyo chuo kinachoonekana rahisi kwa Mmarekani kinaweza kuwa kigumu mno kwake, na rangi ya kijani haimwambii hilo.

Kilichotusaidia ni cha bure kabisa: Common Data Set, fomu ya takwimu ambayo vyuo vingi vya huko huijaza kila mwaka na kuiweka kwenye tovuti zao. Kipengele C7 kinaonyesha kipi ni muhimu sana kwa chuo na kipi hakizingatiwi kabisa. C9 kina alama za mitihani za waliojiunga. Lakini sisi tulikaa zaidi na H6, panapoandikwa ni wanafunzi wangapi wa kigeni wanaopata msaada wa chuo na wastani wa kiasi wanachopewa. Idadi hiyo ni ya wanafunzi wa miaka yote ya shahada ya kwanza, kwa hiyo igawe kwa 4 upate picha ya mwaka mmoja. Chuo kimoja tulichopewa kijani kilibaki na nafasi za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, kwa dunia nzima! Tukakitoa.

Jambo jingine lililoniudhi: tovuti haisemi takwimu zake ni za mwaka gani. MIT ilirudisha sharti la SAT mwaka 2022, na mwaka 2024 Harvard, Brown na vingine vikatangaza kulirudisha. Sisi tulikuta chuo ambacho tayari kimelirudisha bado kimeandikwa kuwa mtihani ni hiari. Mwanafunzi akiamini hapo, anaachwa nje kabla hata insha yake haijasomwa.

Nawapa nyota 2 kati ya 5, na zote mbili ni za kalenda na mapendekezo ya vyuo. Anayejilipia mwenyewe na ni raia wa huko huenda akanufaika zaidi. Wewe unayeomba kutoka nje, tumia kwanza kipindi chao cha majaribio: badilisha uraia, weka ombi la msaada, uangalie kama asilimia inasogea. Isiposogea, usilipe.