Gereji ya Gerezani, Dar es Salaam: Hiace yangu haikuguswa stata kabla oili haijafika juu

Nawapa nyota nne. Ya tano imeliwa na risiti, nitafika huko.

Hiace yangu ya wanafunzi, injini ya dizeli aina ya 3L, ilishushwa yote: krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) ikachongwa, beringi mpya, ringi mpya, pampu ya oili mpya. Mafundi wengi wa mjini wakishafunga injini ya namna hiyo humimina oili, wakapiga stata na kutega sikio. Lakini muda huo njia za oili ndani ya bloku ni tupu, na pampu kavu inaweza kuzunguka bila kuvuta chochote. Mpaka oili ifike, krenki inakwangua beringi uliyoilipia juzi.

Hawa wana utaratibu wao. Pampu waliijaza mafuta mgando kabla ya kuifunga, hayahaya ya kupaka watoto, ili ipate pa kuanzia kuvuta. Halafu kuna mtungi wa chuma waliouchomelea wenyewe, una mpira na geji. Fundi alifungua swichi ya oili, ile ya taa ya oili, ubavuni mwa bloku, akafunga mpira pale, akaweka oili ya 15W-40 mtungini na kuisukuma kwa upepo wa kompresa. Kava ya juu aliiacha wazi makusudi. Kijana wake akawa anazungusha krenki taratibu kwa spana. Kwanza kimya, kisha oili ikaanza kuchuruzika kwenye kepu zinazoshika kamshafti, shafti ya vali kule juu, moja baada ya nyingine, isipokuwa ya nyuma kabisa. Nikaanza kuuliza maswali.

"Tulia mama, ile iko mbali," akaniambia. "Isipotoka, gari haliwashwi leo."

Ikatoka. Wakarudisha swichi, wakachomoa waya wa kwenye pampu ya dizeli ili injini isishike, wakatoa na plagi za hita, zile za kupasha silinda moto, ili injini izunguke kirahisi, wakapiga stata kwa vipindi mpaka taa ya oili ikazima. Ndipo wakafunga kila kitu na kuiwasha.

Ufundi wao ni ghali kuliko wa majirani, na sioni cha kulalamikia hapo. Risiti ndiyo kero: utaidai, utaahidiwa, utaidai tena. Pa kukaa ni tairi chakavu. Nenda asubuhi, na useme mapema kuwa unataka kushuhudia oili ikipanda, maana wasipojua wanaweza kuimaliza kazi hiyo ukiwa umekwenda kunywa chai.