Uchambuzi: Kituo Kipi cha Skii Ukichague kwa Likizo ya Majira ya Baridi Nje ya Nchi?

Karibuni, watazamaji. Bidhaa ninayoichambua leo haina sanduku la kufungua wala dhamana ya mwaka mmoja: ni wiki moja ya likizo katika kituo cha skii, yaani mahali pa kuteleza kwenye theluji, nje ya nchi, ambayo kwa kawaida hulipiwa miezi kadhaa mapema, kabla hata chembe ya kwanza ya theluji haijaanguka. Nimechagua vituo sita, yaani Val Thorens cha Ufaransa, Zermatt cha Uswisi, Kitzbühel cha Austria, Bansko cha Bulgaria, Whistler Blackcomb cha Kanada na Niseko cha Japani. Sitavipa nyota, kwa sababu kituo kinachomfaa mtu aliyeteleza tangu utotoni kinaweza kumharibia likizo yote mtu anayevaa buti za skii kwa mara ya kwanza.

Nianze na takwimu ambayo kila tangazo huiweka juu kabisa, nami ningependa muiweke mwisho: urefu wa jumla wa njia za kuteleza. Les 3 Vallées, eneo ambalo Val Thorens ni sehemu yake, hutangaza kilomita 600, na Dolomiti Superski ya Italia hutangaza kilomita 1,200 kwa pasi moja, yaani tiketi ya kupandia lifti. Ni maeneo makubwa kweli, lakini anayeanza huzimaliza siku zake za kwanza katika mita mia chache za mteremko laini, na mtelezaji wa kiwango cha kati hupata kazi ya kutosha ya wiki nzima katika kilomita 150. Isitoshe, kilomita hizo 1,200 zimegawanyika katika maeneo 12 ambayo hayakuunganishwa yote kwa lifti (mitambo ya waya inayowapandisha watelezaji mlimani), kwa hiyo mengine utayafikia kwa basi au kwa gari. Vipo pia vituo vilivyowahi kuhesabu mikunjo anayoipiga mtelezaji badala ya kupima njia yenyewe katikati, na kwa hesabu ya namna hiyo mlima wowote hurefuka.

Takwimu ninayoitafuta kwanza ni kimo, na ninataka vimo viwili: cha kijiji utakacholala na cha lifti ya juu kabisa. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo wingu lile lile linalonyesha mvua kijijini linaweza kuangusha theluji mlimani. Whistler inalionyesha jambo hili waziwazi. Kijiji chake kiko mita 675 tu kutoka usawa wa bahari, tena si mbali na Pasifiki, na siku ambayo wageni wanatembea mitaani na miavuli inaweza kuwa siku ya theluji tele kule juu, kwenye zaidi ya mita 2,000. Val Thorens imejengwa kinyume chake: kijiji chenyewe kiko kwenye mita 2,300, hakuna kituo cha skii kilicho juu zaidi barani Ulaya, na ndiyo maana msimu wake huanza mwishoni mwa Novemba na kuendelea hadi mwanzoni mwa Mei. Zermatt imejengwa kwenye mita 1,600 hivi, lakini lifti zake hufika mita 3,883 kwenye kilele cha Klein Matterhorn, ambako watu huteleza juu ya barafuto hata katikati ya kiangazi.

Hata hivyo, kimo hakitolewi bure. Val Thorens iko juu ya mpaka wa miti, na siku ya mawingu mazito mtelezaji anaweza kushindwa kabisa kutofautisha ardhi na mbingu, kwa kuwa hakuna hata mti mmoja wa kumwonyesha mteremko unaelekea wapi. Siku kama hiyo ni afadhali kuwa katikati ya misitu ya Kitzbühel, ambayo kwenye karatasi ndiyo dhaifu: mji uko kwenye mita 760 hivi na lifti zake hazipandi mbali zaidi ya mita 2,000. Lakini milima ya Kitzbühel ni ya malisho, na mteremko wenye nyasi huhitaji theluji ya kina kidogo tu ili kutelezeka, ilhali mteremko wa mawe huhitaji tabaka nene kabla haujawa salama. Kimo kikizidi, mwili nao hudai haki yake. Breckenridge, katika jimbo la Colorado nchini Marekani, ni mji ulioko takribani mita 2,900, na wageni wanaofika huko moja kwa moja kutoka usawa wa bahari mara nyingi huumwa kichwa na kukosa usingizi usiku wa kwanza, kabla hata hawajagusa skii.

Niseko ndiyo inayoivuruga hesabu hii yote, na ninaipenda kwa sababu hiyo. Kilele cha mlima wake, Annupuri, kina mita 1,308 tu. Kwa vimo vya Alps, milima mirefu ya Ulaya, ungesema hicho ni kilima. Siri iko katika upepo. Hewa kavu na baridi kali hutoka Siberia, huvuka Bahari ya Japani na kufyonza unyevu njiani, kisha ikigonga milima ya kisiwa cha Hokkaido huumwaga unyevu huo kama theluji nyepesi ya unga, na katika msimu mmoja jumla yake inaweza kufika mita 15 hivi. Anayejua kuteleza ndani ya theluji ya unga atasema hakuna mahali pengine. Lakini theluji isiyokoma kuanguka maana yake ni jua lisiloonekana, na upepo huo huo hufunga lifti za juu mara kwa mara. Kama unachotaka ni picha za vilele chini ya anga la bluu, pesa zako zitakaa vizuri zaidi Zermatt, mbele ya mlima Matterhorn.

Mtauliza kuhusu theluji ya kutengenezwa, kwa kuwa vituo vingi hujigamba kwa idadi ya mizinga ya theluji. Mizinga hiyo husaidia sana, lakini haifanyi miujiza: hunyunyiza maji yanayopaswa kuganda hewani, kwa hiyo huhitaji joto lililo chini ya sifuri na hewa isiyo na unyevu mwingi. Juma la joto likija, mizinga mia tano na mizinga mitano huwa sawa. Afadhali muulize miteremko mingi inatazama wapi. Katika nusu ya kaskazini ya dunia, miteremko inayotazama kaskazini hukwepa jua na huitunza theluji yake hadi machipuko, ilhali inayotazama kusini huyeyuka mchana na kuganda kama kioo usiku.

Sasa niwageukie wanaoanza, maana nadhani ndio wengi wenu. Chagueni kituo kwa kumwangalia mtelezaji dhaifu kuliko wote katika kundi lenu, si hodari kuliko wote. Hodari atajipatia la kufanya karibu popote. Dhaifu akikosa mteremko unaomfaa atashinda mkahawani, na likizo ya wote itaharibika pamoja naye. Ramani ya njia isomwe kwa makini, kwa sababu rangi zake, zinazoonyesha ugumu wa kila njia, hazilingani duniani kote. Ufaransa huanza na kijani, kisha bluu, nyekundu na nyeusi; Austria, Uswisi na Italia kwa kawaida huanza na bluu moja kwa moja; na Amerika Kaskazini hutumia duara la kijani, mraba wa bluu na almasi nyeusi, bila nyekundu yoyote. Rangi pia hupangwa kwa kulinganisha njia za kituo hicho hicho, hivyo nyekundu ya mahali pamoja inaweza kuwa laini kuliko bluu ya mahali pengine.

Angalieni vilevile kama njia rahisi zimeungana hadi chini kijijini, au kama njia pekee ya kurudi jioni ni nyekundu iliyosuguliwa na maelfu ya watu hadi ikawa barafu. Zermatt ina uwanja mzuri wa wanaoanza huko Sunnegga, lakini uko juu ya mlima na hufikiwa kwa treni ya ndani ya mwamba. Val Thorens, kwa sababu imejengwa katikati ya miteremko yenyewe, humruhusu anayeanza kutoka mlangoni na kufika kwenye uwanja wake karibu bila kupanda chochote, na hapo naipa alama kubwa. Kuhusu mafunzo, katika vituo vingi vya Ufaransa wiki huanza na kuisha Jumamosi, na madarasa ya vikundi huanza Jumapili au Jumatatu. Ukifika Jumatano utakuta darasa limekwisha kuondoka. Ulizeni pia mwalimu atafundisha kwa lugha gani. Whistler na Niseko hazina shida kwa anayetaka Kiingereza.

Gharama ndipo bidhaa hii inapoficha makucha. Bei ya chumba ni mwanzo tu. Juu yake kuna pasi ya lifti, kukodi skii, fimbo, buti na helmeti, mafunzo, chakula cha mchana mlimani, na usafiri kutoka uwanja wa ndege. Marekani ndiko pasi ya siku moja inakoshangaza zaidi, kwani katika vituo vikubwa kama Vail bei ya dirishani siku za msongamano imepita dola 300. Mfumo huo umekusudiwa kukusukuma ununue mapema: pasi za msimu kama Epic, ambayo pia hutumika Whistler, husitishwa kuuzwa mwanzoni mwa Desemba, na atakayengoja hadi afike hulipa kiasi kikubwa kuliko wote. Bansko, kwa upande wake, imejipatia jina kwa unafuu wa malazi, mafunzo na chakula, nayo iko kilomita zipatazo 160 kutoka mji mkuu, Sofia. Dosari yake inajulikana: kutoka mjini wageni hutegemea gondola, yaani vibanda vinavyoning'inia kwenye waya, ya kuwapandisha mlimani, na foleni ya asubuhi inaweza kuwa ndefu mno. Anayelala mbali na kituo cha chini cha gondola huokoa pesa kidogo na kupoteza saa nyingi.

Ushauri wangu kuhusu vifaa ni mfupi: anayeanza asinunue skii. Anunue glavu zisizopenya maji na soksi nzuri, na anapokodi buti asione haya kuzirudisha hata mara tatu mpaka zimkae.

Kwa anayehitaji viza, vituo vinne kati ya sita hivi viko ndani ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa kuwa Bulgaria ilikamilisha kujiunga Januari 2025. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasichelewe zaidi ya siku 15 kabla yake, na bima ya matibabu inapaswa kufikia angalau euro 30,000. Hapo kuna mtego: bima inayoridhisha ubalozi inaweza kuwa haigusi kabisa michezo ya theluji, seuze kuokolewa kwa helikopta. Someni mstari unaohusu kuteleza nje ya njia rasmi, kwa sababu kampuni nyingi hukataa kulipa kama hukuwa na kiongozi. Na mkivuka kwa skii kutoka Zermatt hadi Cervinia, jambo ambalo ni raha tupu, mtakuwa mmeingia Italia, ambako tangu 2022 sheria humtaka kila mtelezaji awe na bima ya madhara anayoweza kumsababishia mwingine.

Kuhusu hatari ya maporomoko ya theluji nitasema jambo moja. Kipimo chake kina ngazi tano, na watu huidhania ngazi ya tatu kuwa ya wastani kwa sababu iko katikati. Jina lake rasmi linaonya hatari kubwa kiasi, na ajali nyingi za vifo hutokea ikiwa imetangazwa ngazi hiyo hiyo.

Hukumu yangu, basi, ni hii. Kundi la wanaoanza lenye bajeti finyu liende Bansko na lilale karibu na gondola. Familia yenye viwango mchanganyiko, au yeyote anayelazimika kulipa mapema na kuogopa ukame wa theluji, aende Val Thorens na akubali kwamba kijiji chenyewe si kizuri kwa macho. Zermatt ni ya mwenye uwezo wa kifedha anayeteleza vyema na kupenda mandhari. Niseko ni ya aliyekwisha kuhitimu njia nyeusi na sasa anatafuta theluji ya unga. Whistler ningeichagua kwa ukubwa na kwa walimu wake, nikiwa na koti la mvua. Kitzbühel ina mji wa kale wenye haiba kuliko yote niliyoitaja, lakini ningeisubiri hadi wiki chache kabla ya safari, nikiisha kuiona theluji kwenye kamera zake za moja kwa moja.

Majibu haya yote ni ya katikati ya Januari, sikukuu za mwaka mpya zikiisha kupita na bei zikiwa zimeshuka. Februari, shule za Ufaransa hufunga kwa zamu za kanda tatu, na likizo fupi ya shule za Uingereza huangukia humo humo, kwa hiyo Val Thorens hujaa na barabara ya kupandia kutoka Moûtiers, mji ulio bondeni, husongamana kila Jumamosi. Mwenye tarehe hizo tu na aitazame Niseko kwanza, ila kwa kuepuka juma la mwaka mpya wa Kichina linapoangukia Februari. Na atakayekwenda Kitzbühel mwezi Januari aangalie kwanza tarehe za mbio za skii za Hahnenkamm, maana wikendi hiyo mji mzima huwa wa watazamaji, na chumba kikipatikana huwa kwa bei ya mbio.