TAHADHARI: "Big E ya 1966" ya laki mbili na nusu

Wadau wa mitumba ya zamani, kuna muuzaji wa mtandaoni hapa Dar anayepiga picha suruali zake mbele ya pazia la maua ya njano. Kama umeshamtumia hela, pole. Kama bado, soma kwanza.

Mwezi uliopita nilimlipa 250,000 kwa suruali ya jinsi aliyoiandika "Levi's Big E, 1966, ya kiume, orijino". Kibendera chekundu cha mfuko wa nyuma kweli kina E kubwa kwenye jina LEVI'S, si e ndogo, nami nikalainika hapo hapo. Levi's waliacha E hiyo mwaka 1971, kila mpenzi wa jinsi analijua hilo. Nilichosahau ni kwamba imerudi: wameiweka kwenye matoleo yao yanayoiga ya zamani, na kwenye zile za Premium zinazouzwa leo madukani.

Mzigo ulipofika nikampelekea fundi wangu, mzee aliyeanza kupunguza jinsi za Karume kabla sijazaliwa. Kibendera hakukitazama kabisa. Aliishika suruali kiunoni kwa mikono miwili, akavuta, ikanyumbuka kama soksi.

"Mwanangu, hii ina mpira."

501, ile jinsi maarufu ya Levi's, za miaka ile zilikuwa pamba tupu. Akaigeuza ndani nje. Lebo ya maelezo ya kufua ilikuwa imekatwa kwa mkasi, kipande cha ncha bado kimeshikwa na mshono. Sasa jiulize: sheria ya Marekani ya kushonea nguo lebo za kudumu za ufuaji ilianza 1972. Suruali ya 1966 inakatwa lebo ipi?

Kisha akailaza mezani. Nyonga imechanua, kiuno kimebana, nyuma kumepanda kuliko mbele. "Hii ya dada yako." Na kweli, dada ndiye anayeivaa sasa.

Nilipomwandikia muuzaji alijibu, "Boss, Big E bei yake ndiyo hiyo," kisha akaniblok.

Rafiki yangu naye kauziwa suruali ya sufu, "ya babu, miaka ya 40". Ndani ina lebo ya ILGWU, chama cha washonaji wa nguo za kike Marekani, na chini yake imeandikwa AFL-CIO. Muungano huo wa vyama vya wafanyakazi ulizaliwa 1955. Kwa hiyo si ya miaka ya 40, na babu hahusiki.

Msihangaike sana na zipu inafungukia upande gani. Jinsi nyingi za kike zinafungwa kama za kiume. Mwombeni picha za ndani: mshono wa kiunoni, mizizi ya lebo, na ndani ya mifuko ya nyuma. Kwenye 501 za kuanzia 1937 hadi katikati ya miaka ya 60, ribiti (vile vipini vya chuma vya kukazia pembe) za mifuko hiyo zimefichwa, unaziona kwa ndani tu. Mimi nilipoomba picha hizo aliniambia simu yake haina flashi.

Jana kafungua akaunti mpya. Pazia ni lile lile, na "1966" nyingine ipo, safari hii 280,000.